Mhandisi Achagua Mtambo wa Theluji

Katika Maskati nzima nimemjua mtu mmoja tu aliyekuwa na maoni makali juu ya theluji, na mtu mwenyewe alikuwa akivaa ndara mwaka mzima. Ghalani kwetu Rusayl, tulikokuwa tukiuza mitambo mizito, sote tukimwita Mhandisi. Jina analo, mahali pa kuzaliwa anapo, na ukoo wake upo, lakini hayo waulizwe jamaa zake. Mimi nilikuwa mtunza vipuri, meza yangu ikitazamana na yake kwa miaka kumi na miwili, na ninayoyajua ni ya mezani na ya njiani. Yananitosha.

Alikuja kwetu baada ya kustaafu ujenzi wa barabara. Meneja wetu, kijana mpole aliyerithi ghala kwa babake na asiyejua tofauti ya greda na katapila, alimchukua kwa ajili ya jicho lake. Mkandarasi akiingia na picha kwenye simu, Mhandisi hatazami picha. Anauliza maswali matatu, siku zote yale yale. "Mteremko kiasi gani? Upana kiasi gani? Na hicho unachokiondoa, unakwenda kukitupa wapi?" Wengi walikuwa wakikwama kwenye la tatu. Wamekuja na hamu zao za kununua, hawajafikiri kwamba kifusi nacho kinataka pa kukaa. Basi Mhandisi anafunga daftari lake. "Nenda kafikiri kwanza, baba. Mtambo haumezi." Meneja anashika kichwa, maana mteja huyo anatoka mikono mitupu. Lakini wiki ya pili mtu yule yule anarudi na jibu, na katika dakika moja Mhandisi keshamwambia: chukua huu, uache ule, na ule wa kijani usimpe hata adui yako.

Dakika moja. Naomba mliweke hilo akilini, kwa sababu mtambo wake mwenyewe alikaa miaka minne akiuchagua.

Mfukoni mwa kanzu alikuwa na futi ya chuma, ile ya kujikunja, nzito kama jiwe la mizani, na kwa uzito wake kanzu ilikuwa ikining'inia upande mmoja hata ukadhani mtu kapinda mgongo. Alikuwa akipima kila kitu. Alipima chapati za mkahawa wa jirani, akatangaza kwamba tangu Ramadhani zimepungua upana wa kidole. Alipima pahala pa kuegesha gari pa meneja, akamwambia gari lake limenenepa. Kwenye harusi ya binti yangu, ukumbini Khuwair ya Kusini, watu wanapiga vigelegele, yeye kainama mlangoni na futi yake. Nikamwendea, nimekasirika, mtandio umenivuka. "Mhandisi, hapa tunaoza, hatuchimbi barabara!" Akanambia, taratibu, "Kochi la bibi harusi halipiti." Nikamtukana kwa adabu nikaenda zangu. Baada ya nusu saa wanaume sita walikuwa wanalivua kochi miguu kwa nyundo, na yeye kakaa pembeni anakula sambusa, hasemi neno. Ningemsamehe lau angesema. Kule kunyamaza ndiko kulikoniudhi.

Kiarabu alizungumza na wateja, Kiswahili na sisi na pale anapokasirika, na Kiingereza alizungumza na makatalogi peke yake. Nilikuwa nikimsikia, kainamia kurasa, anabishana na picha. Juu ya mtambo hajapata kusema uongo, hata kwa kumstahi mtu. Juu ya sukari yake alikuwa muongo wa kutupwa. Alinificha halwa ndani ya kasha la chujio la mafuta, kwenye rafu zangu mwenyewe, eti nisijue, mimi niliyekuwa nikiijua kila skrubu iliyomo mle ndani.

Lakini kichekesho chake kikubwa ni hiki: mtu huyu aliyetumia umri wake kuchonga barabara za milimani alikuwa anaogopa kimo. Hata ngazi ya ghala hapandi. Ukitaka kitu rafu ya juu, anakuelekeza kutoka chini, mkono kiunoni, kama mwamuzi. Nilipomuuliza alizijengaje barabara zile, akanambia, "Nkikaa upande wa jabali, bibie. Kila barabara ina upande wa jabali." Na kweli, akipanda gari la mtu kwenda mlimani, atachagua kiti kwanza kwa kuuliza ukingo uko wapi.

Sasa huyo ndiye mtu aliyekuwa na dada juu ya mlima.

Dada yake, ambaye mimi nikimwita Bi Mkubwa, anakaa Jabal Akhdhar, nyumba ya mwisho kabisa juu ya kijiji. Mumewe alikuwa mtu wa huko, alipofariki akamwachia nyumba, kuku, na makonde ya makomamanga yaliyopangwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima. Mtoto hakujaaliwa. Mtoto wake alikuwa Mhandisi. Yeye ndiye aliyemlea, aliyempeleka skuli, na aliyemzaba kofi alipotoroka. Kushuka Maskati hataki. "Nije kwenye tanuri hilo nifanye nini, nioke mkate?" Ndiyo jawabu yake, na mazungumzo hapo yamekwisha.

Kufika kwake kuna kijibarabara kinachochepuka kutoka barabara kuu, kina kona tisa, kimesimama wima kama kinakwenda mbinguni. Gari mbili hazipishani. Kushoto kuna jabali, kulia kuna ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na chini ya ukuta, makonde ya watu. Katikati ya yote hayo unapita mfereji wa falaji, maji ya kijiji kizima, ya kunywa na ya kumwagilia.

Huko juu, miaka mingine, wakati wa baridi hunyesha theluji. Si kila mwaka. Hunyesha usiku, ikachanganyika na mvua ya mawe, ikajaa konani na kuganda, na jua likipanda sawasawa, ikayeyuka. Watu wa Maskati huchukua magari wakaenda kupiga picha. Lakini mwaka mmoja, Mhandisi akiwa kwetu mwaka wa nane, iliganda na haikuyeyuka siku ile. Bi Mkubwa alitoka alfajiri kuchukua maji ya kutawadha, akateleza kizingitini, akavunjika mguu. Majirani zake wawili wakati wa baridi hushuka Nizwa, nyumba zimefungwa. Akampigia simu ndugu yake. Mhandisi akafika chini ya kona ya kwanza kabla ya adhuhuri, na hakuweza kupanda. Dada alifikiwa jioni. Kutoka alfajiri mpaka jioni, mwanamke wa umri ule, sakafuni, na mguu umevunjika.

Hayo ndiyo aliyotusimulia. "Barabara ilifungwa. Sikuwa na mtambo." Alisema hivyo, na baada ya hapo akasema jengine, mbele yetu sote, mkono juu ya katalogi kama mtu anayeapa: "Haitafungwa tena nkashindwa kumfikia. Wallahi haitafungwa." Hatukucheka siku ile. Tulianza kucheka baadaye, alipoanza kuchagua.

Alianza na sahani ya chuma, ile inayofungwa mbele ya pikapu kusukumia theluji pembeni. Kila asubuhi akinieleza uzuri wake, pembe yake, mpira wake wa chini. Nikamvumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nikamuuliza swali lake mwenyewe: "Na hiyo theluji unakwenda kuitupa wapi?" Akanitazama kama nimemchoma sindano. Kushoto jabali, kulia makomamanga ya watu. Pembeni hapana. Akafunga katalogi, asinisemeshe mpaka Alkhamisi.

Akahamia mitambo mikubwa. Tukaletewa picha za majitu kutoka nchi za baridi, tairi tu refu kuliko mimi. Hilo lilikufa kona ya tano, aliyokwishaipima zamani: jitu lingeingia na lisigeuke, na kwa uzito wake ule ukuta wa mawe makavu ungekwenda nalo mpaka kondeni. "Litafungua barabara," akasema, "na kuiondoa kabisa." Hapo nilicheka mpaka machozi, na yeye mwenyewe akacheka kidogo.

Kisha ikaja chumvi. Alisoma mahali kwamba wenzetu humwaga chumvi barabarani, barafu ikakatika yenyewe. Alifurahi, masikini, mtu hajafurahi vile. Chumvi haina uzito wa kubomoa, haina kona, na inayeyuka pamoja na kile kinachoondolewa, kwa hiyo hata swali la tatu limejibiwa! Akapakia magunia kumi kwenye pikapu, akampeleka mtu nayo huko juu. Bi Mkubwa, mguu wake ushaunga lakini bado kwenye mkongojo, akamuuliza dereva haya magunia ya nini, akaambiwa. Simu ililia ghalani pale pale. Mhandisi aliiweka mbali na sikio, kwa hiyo tulisikia sote.

"Weye una akili timamu? Chumvi itakwenda wapi ikishayeyuka?"

"Itateremka, Dada."

"Itateremka wapi?"

Mhandisi alikuwa anauona mfereji sasa, nasi tulimwona akiuona.

"Utatia chumvi kwenye falaji! Kijiji kizima kinywe bahari! Makomamanga ya marehemu yamesimama tangu hujaota ndevu, uje uyaue kwa magunia kumi! Mhandisi gani wewe?"

Dereva alirudi na magunia yote kumi. Mwaka mzima tulikuwa tunatia chumvi ile kwenye mayai ya kuchemsha, na kila nilipoinyunyiza nilihakikisha anaona.

Zikabaki zile mashine zinazomeza theluji mbele na kuirusha mbali kwa bomba. Hapa akasema lazima aone kwa macho, maana katalogi linasema inarusha mbali na yeye anataka kujua mbali ni wapi. Tukaazima mashine moja ndogo ya kusukuma kwa mkono kutoka kwa mfanyabiashara mwenzetu aliyeiagiza kwa makosa. Mwezi wa nane. Rusayl, mwezi wa nane, saa nne asubuhi, hata paka hatoki chini ya gari. Theluji itapatikana wapi? Mhandisi akaagiza gari zima la barafu iliyosagwa kutoka kwa wauza samaki.

Wafanyakazi wote walitoka kutazama. Prossy, msichana wa Uganda anayetupikia chai, alisimama mlangoni na sinia, akaliangalia lile lundo linavyotoa moshi juani. "Mzee, yaani hii barafu yote mnataka kuitupa? Si mngetuwekea soda humo, jamani!" Mhandisi hakumsikia. Akaiwasha mashine, ikanguruma, ikalivamia lundo, na bomba likaanza kutema. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo, ule ukungu mweupe unakwenda juu na kushuka. Tatizo ni kwamba barafu ya wauza samaki ina samaki. Kichwa cha jodari kilipaa kwa heshima zote, kikapita juu ya uzio, kikashukia kifuani kwa meneja, aliyekuwa anaingia na wageni watatu wa serikalini, kanzu yake imepigwa pasi ya kukata mkono.

Mhandisi alizima mashine. Sote tulidhani anakwenda kuomba radhi. Akatoa futi. Barafu ilikuwa ishayeyuka, basi akapima pale palipolowana, kisha akapima mpaka alipo meneja. "Jodari amekwenda mbali zaidi," akasema, akaandika.

Nimesimulia haya kwenye harusi na kwenye matanga, na watu wamekufa kwa kucheka, na mimi nimecheka pamoja nao. Lakini baridi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, ya tatu, na mtambo hajanunua. Kila mwezi wa kumi na moja anaanza kutazama hali ya hewa kwenye simu, usingizi unamtoka, anashtushwa na sauti ya simu yoyote inayolia asubuhi. Nilimwona. Usiku ukiwa na baridi Jabal Akhdhar, asubuhi yake macho mekundu. Nikamwambia, "Nunua chochote, Mhandisi. Nunua hata beleshi." Akanambia hajamaliza kulinganisha.

Mwaka wa nne, mwezi wa kumi, akaniomba nimpeleke. Nina gari la magurudumu manne, la marehemu mume wangu, na bila gari kama hilo askari wa kituo cha chini hawakuruhusu kupanda. Yeye alitaka kupima upya kona mbili. Mimi mjane wa miaka khamsini na ushei, ninayekaa Al Amerat na kuendesha kila siku vilimani na malori yakinipumulia mgongoni, kona tisa hazinitishi. Yeye alikaa upande wa jabali. Wakati wa kupanda, jabali lilikuwa upande wangu wa dereva; basi akakaa nyuma yangu, kama bosi, macho kayafumba, akinisomea kona kwa moyo: "Ya nne, mteremko mkali. Ya tano, shika kulia." Hakukosea hata moja.

Bi Mkubwa alitupokea kwa kahawa na makomamanga yaliyokwishachambuliwa. Mwembamba, mrefu, anachechemea, sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka konde mpaka konde. Tulikuwa hata hatujamaliza kikombe cha kwanza, Mhandisi keshatoa futi mfukoni, anataka kutoka. Dada yake akamwambia, "Kaa." Akakaa.

"Miaka mingapi sasa unachagua hilo beleshi lako?"

"Mine, Dada. Lakini mwaka huu..."

"Katika miaka mine, theluji imekuja mara ngapi?"

"Mara moja. Ile ndogo."

"Ile ndogo, imekwenda zake kabla sijamaliza chai. Na siku zote nyengine? Njoo dirishani. Njoo, hutaanguka, nakushika. Itazame barabara. I wazi?"

Hakwenda dirishani. "I wazi," akasema akiwa pale pale mkekani.

"Haina hata kijiwe. Naitazama kila siku. Kila siku i wazi, na wewe huji. Unakuja Idi, saa mbili, unapima, unashuka. Siku ile nlivyovunjika, unajua nani alonifikia?" Hapo alinigeukia mimi, maana alijua sijui. "Mchunga mbuzi. Kafunga magunia miguuni, kapanda kona zote tisa kwa miguu, kanbeba mgongoni. Kampita ndugu yangu pale chini kasimama na simu, anawauliza watu mtambo gani unafaa."

Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe ndicho alichokuwa anatuficha. Si mtambo aliokosa siku ile.

Mhandisi alikuwa anaiangalia futi yake. Akaivuta kidogo, akaiachia ikajirudia. "Nlikuwa naogopa, Dada," akasema. "Nlipanda mpaka kona ya kwanza, nkatazama chini, miguu ikakataa. Yule akanambia njoo tufunge magunia. Sikuweza."

"Najua ulikuwa unaogopa. Tangu u mtoto unaogopa, hata darini hupandi. Kwani nani kakukasirikia kwa hilo?" Sauti ilimshuka. "Mie sikutaka uje na katapila. Nlitaka uje. Nna miaka mingapi mengine mie? Unanipotezea, mwanangu."

Alimwita mwanangu, mtu mwenye mvi kichwa kizima, na yeye akaufunika uso kwa kilemba chake akalia. Nikajitia nakwenda kutazama kuku. Kuku wenyewe walikuwa wanne na hawana la kutazamwa, lakini nilikaa nao muda mrefu.

Wakati wa kushuka hakusoma kona hata moja. Kituoni chini, askari alipotusalimu, Mhandisi akajibu "Chini ni chini tu, Dada yuko juu," na askari hakumuelewa.

Asubuhi yake aliingia ghalani, akatoa katalogi moja kuukuu kutoka chini kabisa ya rundo, akalifungua pale lilipokunjwa, akaniwekea mezani. "Niagizie huu." Ilikuwa mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, yenye minyororo badala ya tairi, bomba linageuka huku na huku. Ilipita kila kona, uzito wake ukuta ungeuhimili, na ilirusha kiasi cha kufika kwenye vishimo vilivyomo jabalini, kona ya tatu na ya saba, ambako theluji ingekaa bila kumdhuru mtu. Nikatazama ukurasa. Pembeni pake palikuwa na alama ya kalamu ya risasi, tiki, imefifia. Na chini ya tiki, mwandiko wake: mwezi na mwaka. Ulikuwa ni mwezi ule ule Bi Mkubwa alipovunjika.

"Mhandisi," nikamwambia, "hii uliichagua siku ile ile."

"Wiki ile," akanisahihisha. "Ilinichukua siku tatu."

Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia. Miaka minne mtu keshapata jibu, anaendelea kuchagua, maana siku atakayomaliza kuchagua itambidi apande.

Mashine ilifika mwezi wa kumi na mbili. Alipanda nayo kwenye lori, kaketi upande wa jabali, kanzu tatu na begi moja. Alimwambia meneja anakwenda kuijaribu, siku mbili tatu. Baada ya wiki nikapata ujumbe: "Mtambo umefika salama. Nimebaki kuuangalia." Wiki ya pili: "Bado nauangalia." Wiki ya tatu hakuandika. Meneja aliniuliza mara kumi kwa siku, maana wateja wanakuja na picha zao na hakuna wa kuwauliza maswali.

Katikati ya Januari nikapanda mwenyewe, siku ya Ijumaa, na miwani yake aliyoisahau na kilo mbili za papa mkavu alizotaka Bi Mkubwa. Nikamkuta anachambua komamanga, kavaa sweta la marehemu shemeji yake juu ya kanzu, na ndara zile zile, ila sasa na soksi. Kanenepa. Nilitaka kushuka jioni. Bi Mkubwa akasema nilale. Nikalala.

Asubuhi kulikuwa kweupe. Nilifungua mlango nikadhani nimekosea nyumba. Makonde meupe, ukuta mweupe, kijibarabara chote kimejaa, hakijulikani kinaanzia wapi. Nami Jumamosi nilikuwa na mteja Rusayl anayesubiri kipuri kilichofungiwa kabatini, funguo ninazo mimi.

"Mhandisi!" nikaita. "Siku yako leo! Washa mtambo!"

Akatoka taratibu. Akachomeka futi kwenye theluji. "Shibiri kasoro kidole," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa mgeni aliyekuwa akimngojea. Mashine ilikuwa uani, imefunikwa turubai, na juu ya turubai wamelala kuku.

"Petroli ipo?"

"Ipo."

"Plagi?"

"Mpya."

"Inawaka?"

"Nimeiwasha jana. Inawaka mara moja tu, mashaallah, hata sauti yake nzuri."

"Sasa?"

"Sasa nini?" Akafuta theluji kwenye turubai kwa mkono, polepole. "Mtambo huu nliununua ili nimfikie Dada pakifungwa, bibie. Nshafika. Pakifungwa, wacha pafungwe."

"Na mimi je? Nina kazi!"

"Jua likipanda itayeyuka. Mchana, au kesho." Akanitazama juu ya miwani niliyomletea mwenyewe. "Au ushuke kwa miguu. Magunia yako nyuma ya jiko."

Bi Mkubwa alipaza sauti kutoka ndani. "Umefika ndiyo, na banda la kuku limefukiwa! Nenda kalifukue, halafu uje unywe chai!" Basi Mhandisi akauacha mtambo wa miaka minne chini ya turubai lake, akachukua beleshi la kawaida nyuma ya mlango, akaenda kufukua, kajibana ubavuni mwa jabali, ndara na soksi. Kila beleshi moja akisimama akifikiri pa kuitupa.

Simu yangu ikalia. Meneja. Nikamwambia barabara imefungwa, sishuki leo.

"Lakini Mhandisi si yuko huko huko?" akasema. "Na mtambo wake anao!"

Nikamtazama kule bandani. Dada yake katoka na mkongojo wake, anamwelekeza kwa kidole, si hapo, zaidi huku, na yeye anabishana naye.

"Yupo," nikamjibu. "Lakini bado anachagua."

Nikazima simu, nikavua viatu, nikaingia ndani kunywa chai.